Karani Aliyeshika Mbele

Tulimwita Karani, ingawa miaka yote niliyomjua hakuwa tena karani wa mtu yeyote. Duka alilolifanyia kazi mjini, la vitambaa na mapazia, lilikuwa limefungwa kabla sijahamia Waithaka. Alikozaliwa na nani alimzaa sikumuuliza, na yeye hakusema zaidi ya kwamba ni mtu wa pwani, jambo ambalo ulilijua akifungua mdomo tu.

Naandika habari zake kwa sababu niliulizwa swali. Binti yake, anayekaa naye Lavington, aliniuliza kama baba yake anaweza kurudi kulizunguka bwawa. Jibu langu ndilo lingeamua kama atatoka nje ya geti la binti huyo au la. Mimi shule niliiachia darasa la nane, na sijazoea maneno yangu kuwa na uzito wa namna hiyo. Kwa hiyo nataka kumweka hapa alivyo, nione kama nilimtendea haki. Huenda nisione.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya mashamba, mwendo wa miguu kutoka ploti yetu. Zamani watu walichimba mawe pale, maji yakajaa, mafunjo yakaota, na sasa nusu yake ni maji na nusu ni kitu ambacho si maji wala si nchi kavu. Njia ya kulizunguka ni fupi. Ukisimama pale tunapoanzia unaweza kuzungumza na mtu aliye ng'ambo bila kupaza sauti sana. Mgeni akiiona hucheka. Lakini upande mmoja ni ukuta wa mawe yaliyokatwa, upande mwingine ni tope, na katikati yao mara nyingi pana nafasi ya mguu mmoja. Tena mwanzoni kabisa pana mwamba wa kuteremka ambao ukishauteremka huwezi kuupanda, kwa kuwa umeinamia ndani na hauna pa kushika. Ukifika chini umekwisha. Huna njia ya kurudi nyumbani ila kulimaliza bwawa lote. Na muda wote unaona ulikotoka, pale ng'ambo ya maji, chini ya mti, chupa ya kahawa mliyoiacha, wala huwezi kuifikia.

Mwamba huo Karani aliuita Mlango. Kila mahali pa njia ile alikuwa amepaita kwa jina la dukani. Ukingo mwembamba wa jiwe tunaoupita ubavu ubavu, uso umeelekea ukutani, ni Kaunta. Vichaka vinavyomlazimu mtu kutambaa gizani ni Stoo. Kilima cha mwisho, chenye upepo mzuri, ni Kwa Tajiri, maana tajiri wake alikaa ghorofani na Karani alisimama chini kutwa. Kiti hakupewa. Mwenye duka aliamini karani akikaa, mteja anapita. Siku moja nilimuuliza kwa nini mtu aliyetoka dukani analibeba duka mpaka kwenye tope. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini ana pua.

"Sasa ningepaitaje?" akasema.

Mimi nilianza kwenda naye kwa sababu ya dirisha. Nafanya usafi kwenye jengo refu la ofisi Upper Hill, ambako vioo havifunguki, na nyumbani chumba changu kina dirisha moja tu. Mwenye ploti ya pili akaanza kujenga. Ukuta wake ulipanda polepole mpaka dirisha likawa linatazama mawe, karibu kiasi cha kuyagusa. Nikawa nawasha taa mchana. Nikawa naamka kifua kimebana, nakaa kitandani namsikiliza fundi akigonga. Jumapili moja baada ya ibada ya kwanza Karani alinikuta nimesimama uani, bado na nguo za kanisa, sijui pa kwenda. Alikuwa jirani wa mlango wa tatu na hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Hakuniuliza nina nini. Aliniuliza kama nina gambuti.

Hilo nalihesabu kwenye mazuri yake. Na lingine ni kioo. Wiki chache baadaye nilirudi kazini nikakuta chumbani kuna mwanga juu ya kitanda, umekaa kama kitambaa cha njano. Alikuwa amefunga kipande cha kioo cha kabati kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akakigeuza mpaka jua la jioni likagonga pale na kuingia kwangu. Haukudumu, jua likisogea unaondoka. Nilipomshukuru alikasirika, akasema kioo kilikuwa kinamsumbua njiani ndani kwake.

Hakuwa mtu rahisi. Alivaa koti la suti juu ya gambuti na alitaka watu wengine nao waje wamejiheshimu. Ukichelewa hakusubiri. Mwezi wa Ramadhani alikuja vilevile, amefunga, na siku hizo ilikuwa afadhali usimsemeshe kabisa. Siku za kawaida, adhuhuri alisali kwenye jiwe bapa pale tunapomalizia, nami na mwenzetu tulikaa kando tumegeuka tukila mahindi ya kuchemsha kimyakimya, kama watoto walioiba. Akishamaliza alikuwa mpole kuliko mtu yeyote ninayemjua, anamimina kahawa ya tangawizi, anagawa tende. Nusu saa. Kisha ukali unarudi.

Mwenzetu huyo ni Dereva, jirani pia, aliyekuwa akiendesha lori la mchanga. Ni mtu wa maneno mengi na tumbo ambalo Kaunta haikulipenda. Basi tulikuwa watatu, na tulikuwa na utaratibu. Karani mbele, mimi katikati, Dereva nyuma. Hatukuwahi kubadilishana. Karani mwenyewe alikuwa akisema kila mtu ajifunze kushika mbele, na Dereva hujibu, "Basi leo nishike mimi, Mzee," na Karani hujibu kwamba leo kuna unyevu. Hata siku za jua la kupasua mawe kulikuwa na unyevu.

Utaratibu wa pili ulikuwa wa maneno. Karani hakutaka kelele njiani, alisema mtu akishtuka anateleza. Kwa hiyo wa nyuma akiwa na neno humwambia wa katikati, na wa katikati ndiye humfikishia wa mbele. Jibu hurudi vivyo hivyo. Dereva anasema nyuma yangu, "Mwambie huyo mzee ako slow kama jam ya Ngong Road," nami namwambia Karani kwamba Dereva anaomba tusichelewe. Karani anasema, "Mwambie kama ana haraka aruke maji," nami namwambia Dereva kwamba tunakaribia. Nadhani ndiyo sababu waliweza kutembea pamoja muda mrefu vile. Mimi nimelelewa Ukambani, kwetu neno la mdogo kwa mkubwa halipelekwi bichi, na sikuona kama nafanya jambo la ajabu.

Siku yangu ya kwanza niliganda kwenye Mlango. Mguu mmoja ulikuwa umeshuka, mwingine umekataa, na mikono imeshika mzizi ambao nilijua hauwezi kunibeba. Juu sikuweza, chini sikuweza. Nikaanza kulia, bila sauti. Karani alikuwa tayari chini. Hakunipa mkono, kwa kuwa hagusi mwanamke asiye wake, na nilimchukia kwa hilo pale pale. Alinyoosha fimbo yake akaiegemeza mwambani karibu na kisigino changu, kisha akaniuliza kama ni kweli sisi Wakamba tunakula mahindi yaliyotolewa ngozi.

Nikasema ni kweli, ni muthokoi.

"Na mnatia maharagwe au mbaazi?"

Nikasema mbaazi ni bora. Akasema haiwezekani, mbaazi ni ya nazi, mbaazi bila nazi ni adhabu. Nikamwambia yeye hajui kitu. Nilikuwa namweleza namna ya kuyatwanga mahindi, nimekasirika hasa, nilipokuta niko chini, nyayo zote mbili kwenye mchanga. Tangu hapo kila nikipita pale naanza kufikiria mbaazi.

Alikuwa na msemo wake: "Usinitazame mimi, tazama mguu wako." Aliusema mara nyingi mpaka Dereva akawa anamwiga. Lakini ukiutazama mguu wako ukaona pa kukanyaga pazuri kuliko alipokanyaga yeye, na ukapakanyaga, anasimama, anageuka, anakungoja urudi ufuate alama yake. Sijui alitaka tufanye lipi. Nilikuja kudhani hata yeye hajui.

Mara moja nilikuja na vijana wawili wa ofisini, wasichana wa mapokezi waliosikia nikisimulia. Karani aliwaeleza hatari zote, moja baada ya nyingine, amesimama wima kama anapima yadi. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha wakalizunguka bwawa wakicheka, mbio karibu nusu ya njia, wakatokea ng'ambo wakitupungia mikono kabla sisi hatujamaliza Kaunta. Hawakuteleza hata mara moja. Karani hakunywa kahawa siku hiyo. Dereva alitaka kusema kitu nikamkanyaga.

Hayo yote ni kabla ya Jumapili ya mafunjo.

Ukitoka Stoo njia inagawanyika. Ya juu inapanda kando ya fensi ya mtu na ina miiba. Ya chini inapita kwenye mafunjo, na haipitiki, kwa sababu pale majani yameota juu ya maji yakafanya zulia linaloonekana kama uwanja. Tulikuwa tumepita ya juu miaka yote. Siku hiyo mvua zilikuwa zimekwisha juzi, na mbele yetu kulikuwa na kijani kizuri tambarare. Karani akatoka Stoo, akasimama, akainamisha kichwa kidogo upande kama ndege, akaenda chini.

Dereva aliona, nyuma yangu. Akasema, "Mwambie ni juu. Anaingia kwa maji."

Nikasema, "Karani, Dereva anauliza kama si juu."

"Mwambie Dereva ashike usukani wake."

Nikamwambia Dereva kwamba Mzee anaijua njia. Na nikafuata, kwa kuwa aliye mbele alikuwa mbele. Dereva naye akafuata, akinung'unika. Watu watatu wazima tukaingia kwenye maji kwa adabu.

Zulia lilitikisika kwanza, kama godoro. Kisha Karani akazama mpaka mapajani, na mimi hatua mbili nyuma yake mpaka juu ya magoti. Tope la pale halikuvuti kwa nguvu. Linakushika tu. Ukiinua mguu mmoja unautia mwingine zaidi, na buti linajaa linakuwa si lako tena. Mbele yangu niliona mgongo wa koti la Karani, na mbele ya koti maji, na ng'ambo ya maji mti wetu na chupa ya kahawa ya rangi nyekundu. Ilikuwa karibu sana. Nilijua kabisa kwamba mtu anaweza kufia hapa akiitazama.

Dereva peke yake alikuwa hajaingia sana. Alilala kifudifudi kwenye majani, na tumbo lile tulilokuwa tukilicheka ndilo lililomfanya aelee, akavunja matawi akayatandika, akaanza kujivuta kuelekea kwetu.  Karani alikuwa anasoma dua chini kwa chini, midomo tu. Dereva aliponipita mimi ili amfikie yeye, kwa kuwa ndiye aliyezama zaidi, Karani akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mtoe yeye kwanza." Dereva akasema huu si wakati wa siasa. Karani akasema, "Mtoe yeye. Mimi sina haraka." Akakataa kushika tawi mpaka niliposhikwa mimi. Hilo lazima liandikwe pamoja na mengine.

Tulitoka bila gambuti, sote, tumepakwa tope mpaka kwenye nywele. Ilibidi tumalize njia miguu mitupu, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Karani aliendelea kushika mbele. Kwa Tajiri hakusimama. Tulipofika kwenye mti Dereva akamuuliza, safari hii moja kwa moja, bila kunipitia mimi: "Mzee, macho yako iko sawa kweli?"

"Ardhi imehama," Karani akasema.

Na hilo ndilo alilolisema kwa kila mtu. Ardhi imehama, mvua imeihamisha. Alilisema ploti nzima. Dereva naye akampigia simu binti yake Lavington, akamweleza yote. Binti akaja na gari keshoye, akampeleka kwa daktari wa macho, na kutoka kwa daktari hawakurudi Waithaka. Vitu vyake vilifuatwa na fundi mwenye pikapu. Kioo alikiacha kwenye nguzo.

Karani alimwona Dereva msaliti. Dereva alisema yeye aliokoa mtu mara mbili na hakuna hata mara moja aliposhukuriwa. Nimejaribu kuwapima na naona kila mmoja ana haki yake. Kama Dereva asingepiga simu, Karani angetuongoza tena Jumapili iliyofuata, na tungemfuata. Nina hakika tungemfuata.

Nilimtembelea miezi kadhaa baadaye, Jumapili mchana. Barabara za Lavington ni kuta tupu, hujui kama kuna watu. Soja wa geti aliuliza jina langu, akapiga simu ndani, akanifungulia kwa upana wa mtu mmoja. Karani alikuwa kwenye baraza, kanzu safi, koti juu yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri cha mto. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Aliponisikia alijua ni mimi kwa mwendo, akauliza habari za kanisani, habari za kazini, ukuta wa jirani umefika wapi. Nikamwambia umepigwa plasta.

Kisha akashusha sauti. Alisema binti yake ataniuliza habari za njia, maana amemwomba sana, kila siku anamwomba. Amejaribu kutoka mwenyewe mara kadhaa na soja anamrudisha, kwa heshima, anamwita Baba, lakini anamrudisha.

"Mwambie ni fupi," akasema.

Binti akaja na chai. Ni mwanamke mpole, amechoka, ana macho ya mtu anayelala akisikiliza mlango. Aliniita dada, akanishukuru kwa kuja. Akasema jicho moja la baba halipo tena na la pili linaona kama kupitia pazia. Akasema baba hali chakula vizuri, anagombana na mpishi, anazunguka hii nyasi asubuhi hadi imefanya njia. Kisha akaweka sinia chini akasema, "Dada, mimi sijafika huko. Akipotea, ndugu zangu wataniuliza mimi. Nakuuliza wewe kwa sababu unaenda kanisani. Hiyo njia ikoje?"

"Ni fupi," nikasema. Karani akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Na yeye anaiweza?"

Wote wawili wakanigeukia, Karani na lile jicho lake la pazia. Nilifikiria maneno mengi laini. Nilikuwa nayo, nimeyazoea. Ningeweza kusema inategemea, ningeweza kusema Mungu ndiye anayejua. Nikaona tena mgongo wa lile koti ndani ya mafunjo.

"Mbele, hapana," nikasema. "Mbele hawezi tena. Akikaa katikati, mtu mmoja mbele yake na mmoja nyuma, siku kavu, naona anaweza."

Binti alifikiria kweli. Nilimheshimu kwa hilo. Kisha akasema, "Katikati nakubali. Hata Jumapili ijayo, nitawaleta mwenyewe na gari. Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa hiyo?"

"Mimi sifuati mgongo wa Dereva."

"Basi sitaambiwa tena nimekufungia, Baba. Ni wewe umekataa."

"Ni mimi," akasema.

Binti akasubiri kidogo, akaokota sinia akaingia ndani. Sisi tukabaki. Sikujua kama niondoke. Nilijiona nimelifunga geti kwa mkono wangu, halafu nikajiona nimelifungua na yeye hakutoka, na hata sasa sijui ni ipi kati ya hizo. Alikuwa amekunja vidole juu ya kichwa cha fimbo.

"Umenipima kama kitambaa," akasema. Kisha baada ya muda, "Na umepima sawa."

Nikasema samahani. Akaniashiria kwa mkono niache.

Nilipoaga akasimama, akanisindikiza mpaka getini kama desturi yake, akiugusa ukingo wa njia kwa fimbo. Soja akainuka. Karani akamwomba angoje kwanza.

"Siku hizi mkitoka Stoo," akaniuliza, "Dereva anawapitisha wapi?"

"Juu. Kando ya fensi."

 Soja aliangalia kwingine.

"Mwambie ndiko," Karani akasema. "Ardhi haikuhama. Mimi nilikuwa sioni, tangu mvua za nyuma nilikuwa sioni, nilikuwa nahesabu kwa miguu. Mpelekee hivyo hivyo, bibi. Usimlainishie."

Nikasema nitampelekea. Soja akafungua, nikatoka, akafunga.